Jina Letu Magazetini

Kiangazi kile London ilipowaka kwa joto, jina letu lilitoka nyumbani bila kuaga, likahamia magazetini.

Mimi ni Honora, ila kazini na mtaani wananiita Nonie. Ukoo wetu ni Hooligan. Cheka tu, nimeshazoea. Lakini nilipokuwa mtoto hakuna aliyecheka. Lilikuwa jina kama majina mengine ya Waayalandi waliokuja Lambeth, kusini mwa mto wa London, kubeba mizigo ya watu. Mwenye nyumba alilijua, padri alilijua, muuza samaki alilijua, na hao wote walikuwa wanalitaja bila kupepesa macho.

Ikaja sikukuu ya Agosti. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, bia ilinyweka kuliko maji, na vijana wa kusini mwa mto wakafunga barabara, wakatukana wapita njia, wakawachapa askari kwa mikanda yenye vyuma. Wahuni hao tumekuwa nao siku zote. Jipya lilikuwa neno. Asubuhi moja magazeti yakaamka hayataki tena kusema wahuni. Yakasema mahooligan. Hooligan mmoja amemjeruhi mzee, mahooligan watano mahakamani, serikali ifanye nini juu ya mahooligan. Nani aliwapa hilo neno? Hakuna aliyesema. Lilikuwa limekaa tu pale kwenye ukurasa, limejinyoosha, utafikiri limelipiwa kodi.

Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha jemu. Mwezi ule matunda yalikuwa plamu, mikono yetu myekundu hadi viwikoni na nyigu wakigombania sukari nasi. Lottie Pegg, aliyekaa meza moja nami, hakunipa hata nafasi ya kuvaa aproni.

"Nonie, shoga, kaka zako jana wamemng'oa askari meno."

"Sina kaka."

"Basi binamu."

"Binamu zangu wako Kerry, kwetu Ayalandi, wanachimba viazi."

"Ndio hao hao. Wamevuka bahari, wamekuta viazi vyetu vidogo, wamekasirika."

Meza nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao. Kiwandani ukinuna umekwisha.

Ingekuwa ni hilo tu, ningelibeba. Tatizo ni kwamba nilikuwa naolewa. Mchumba wangu alikuwa Austin Tangney, ambaye mama yake alikuwa na duka la maziwa na ng'ombe wake mwenyewe kwenye banda la uani. Austin ndiye aliyepita mtaani kwetu asubuhi na kigari cha maziwa. Kwa mwaka mzima alinimiminia zaidi ya kipimo na mama yake hakujua, nami nikaelewa kwamba kijana huyu ananipenda. Tulikuwa tumeahidiwa vyumba viwili juu ya duka. Nilikuwa nimeshachagua dirisha la kuweka chungu cha maua. Kilichobaki ni matangazo ya ndoa kanisani Jumapili tatu, kisha Jumamosi tufunge.

Jumapili ya kwanza Padri Moynagh alipanda mimbarini akiwa amevimba. Alihubiri juu ya vijana wa mikanda. Aliwaita mahooligan mara nyingi kuliko alivyomtaja Mungu, akasema ni aibu kwa wazazi wao na kwa nchi walikotoka. Kisha akashuka, akafungua karatasi yake ya matangazo, akasoma kwa sauti ile ile: "Wanaotarajia kufunga ndoa ni Austin Tangney na Honora Hooligan. Mwenye kujua kizuizi chochote atoe taarifa."

Halafu mtu akacheka nyuma, na cheko likaruka benchi hadi benchi mpaka likafika kwa watoto wa altare. Maskini Padri mwenyewe hakuwa amekusudia. Lakini mimi nilikuwa naangalia shingo ya Mama Tangney, aliyekaa mbele yangu, nikaiona inakuwa nyekundu kutoka kwenye kola hadi kwenye kofia.

Alinisubiri nje. Kofia yake ilikuwa na ndege wa bandia, na akikasirika ndege yule alitikisika.

"Baba yako alikaa wapi kabla ya kuhamia hapa, mwanangu?"

"Borough, mama."

"Borough." Aliitafuna hiyo Borough. "Na wanasema hao wa kwanza walitokea Borough."

"Nani wanasema?"

"Watu." Alisogea karibu. "Sisemi ni ninyi. Nasema nataka kujua. Hata ng'ombe nikinunua nauliza ametoka zizi gani. Sisi Waayalandi tumekaa nchi hii miaka tunajifunza kuonekana watu. Marehemu mume wangu alikufa hajawahi kuingia baa hata kuuliza saa. Leo niambiwe nimeingiza hooligan jikoni kwangu? Wateja wangu ni Waingereza, Nonie. Wanatutazama."

"Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa. Lakini nikikosa jibu kabla ya tangazo la tatu, Austin atatafuta nyumba nyingine na kazi nyingine. Kigari ni changu na ng'ombe ni wangu."

Aliondoka na ndege wake. Austin alikuwa amesimama kando akizungusha kofia mkononi. Tukatembea pamoja hadi kona.

"Mimi sijali," alisema.

"Najua."

Tulienda kidogo. "Lakini kwani limetoka wapi?"

"Nini?"

"Hilo neno."

"Nitajuaje, Austin?"

"Ni jina lako, Nonie."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sababu liliniuma zaidi.

Basi nikaanza kutafuta. Nilisema moyoni, neno haliwezi kuzuka tu, lazima liwe na mwenyewe, na huyo mwenyewe nikimpata na asiwe baba yangu, nimeponyoka. Nilianza kwa kinyozi, Bwana Cutbush, kwa kuwa vinyozi wanajua kila kitu.

"Ni wimbo," alisema, wembe uko kwenye shavu la mteja. "Ukumbi wa vichekesho. Familia ya Waayalandi, wanalewa, wanapigana na majirani. Watu waliupenda, neno likabaki. Nimeusikia kwa masikio yangu."

"Unaimbwaje?"

Aliufikiria. "Umenitoka."

Nikamfuata konstebo Ruddle kwenye zamu yake. Alinicheka kwanza, kisha akatoa kifua. "Huo wimbo ni porojo. Kulikuwa na genge la mtu mmoja anaitwa Hooley. Genge la Hooley, mahooligan, umeona? Ni sisi polisi tuliowaita hivyo."

"Na huyo Hooley yuko wapi?"

"Ah, huyo hatukumpata."

Wote wawili waliapa. Nimegundua kwamba mtu asiyejua kitu huapa haraka kuliko anayejua. Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini niliona nimalizie kwa Mama Pinnock, muuza samaki, mwanamke ambaye habari za kusini mwa mto zote hupita kwenye meza yake na kutoka zikiwa na magamba.

"Wimbo, genge, watu wanapenda kudanganya," alisema akimkata samaki kichwa. "Alikuwa mtu. Mwayalandi, bawabu wa baa huko Borough. Kazi yake kutupa walevi nje. Siku moja akamtupa askari kwenye mkokoteni wa takataka, askari akafa. Wakamfunga."

"Akafia jela?"

"Wengine wanasema. Wengine wanasema alitoka, akahama mtaa, akajituliza."

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Sikio moja limechanika."

Baba yangu, Jeremiah Hooligan, alikuwa mrefu na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika. Mama Pinnock alimuuzia samaki kila Ijumaa, kwa hiyo sikio lile alikuwa analiona mara kwa mara, na mtu anayesimulia huokota popote. Lakini hayo niliyafikiria baadaye. Pale pale nikaondoka nikiwa nimesahau samaki.

Ukishaanza kumshuku mtu, hata anavyokunywa chai kuna jambo. Baba alikuwa mpakuzi wa makaa gatini, mtu wa maneno machache aliyerudi jioni mweusi kuanzia nywele. Mama alikufa nikiwa mdogo, tukabaki sisi na shangazi Bid, dada yake baba, ambaye aliuza viberiti na kamba za viatu. Miaka yote nilimwona baba akivuka barabara kila anapomkuta askari, nikadhani anakwepa vumbi. Miaka yote hakwenda Borough hata kwenye mazishi, nikadhani amechoka. Hakuwa na rafiki aliyemjua zamani. Akiulizwa sikio alisema, "Ubao uliniangukia," na siku nyingine alisema, "Farasi." Sasa nilikaa mezani nikimtazama anavyokata nyama, nikajiuliza mikono ile iliwahi kumnyanyua mtu mzima na kumtupa.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia.

"Baba, lile neno la gazetini ni lako?"

"Neno gani?"

"Hooligan."

"Hilo ni jina. Ni langu. Nilipewa na baba yangu, na hakuwa na kingine cha kunipa."

"Watu wanasema kulikuwa na bawabu Borough."

Shangazi Bid alishika sufuria akaanza kuisugua, na sufuria ile ilikuwa safi.

"Borough mabawabu walikuwa wengi," alisema baba.

"Wewe uliwahi kuwa?"

Uma ulisimama hewani kidogo tu, kisha ukaendelea. "Kwa muda. Msimu ambao meli hazikuja. Watu walifanya kazi yoyote."

"Kulitokea nini?"

"Meli zikaja." Alimaliza kabichi, akafuta sahani kwa mkate, akasimama. "Kabla ya kuuliza, mwanangu, uwe unajua jibu utaliweka wapi."

Alitoka nje kuvuta kiko chake. Nilimgeukia shangazi. Shangazi alisema macho yanamuuma kwa moshi, na moto ulikuwa umezimwa.

Jumapili ya pili baba hakwenda misa ya alfajiri kama desturi yake. Alikuja misa yetu, akasimama nyuma kabisa na wenzake wa gatini. Padri Moynagh, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alisoma tangazo letu mbio mbio na kwa sauti ya chini, lakini watu walikuwa wanalisubiri. Walicheka kabla hajafika kwenye jina. Kijana mmoja akapiga mluzi. Niligeuka nikamwona baba ananiangalia mimi, si wao. Sikuweza kusoma uso wake, na kwa hali niliyokuwa nayo hata huo uso niliushuku.

Suti ya baba ilikuwa na ratiba yake. Jumamosi inatoka duka la rehani, Jumatatu inarudi, kama za majirani wote. Jumatatu ile haikurudi. Ilibaki kwenye msumari. Siku mbili baadaye akaoga mchana kweupe, akaivaa. Mtaa mzima ukatoka milangoni, kwa maana mtu hakuvaa suti katikati ya juma ila kwa msiba.

"Nani kafa, Jerry?" jirani alimuuliza.

"Bado," alisema baba. Akaniambia, "Vaa kofia. Tunakwenda kwa Mama Tangney."

Alitupokea jikoni nyuma ya duka, kitambaa kikiwa mezani na keki ikiwa imekatwa vipande vyembamba sana, kwa kuwa Mama Tangney aliweza kukata keki hadi uione taa upande wa pili. Austin alikaa karibu na dirisha. Baba alikalia ncha ya kiti, kikombe kimezama kwenye kiganja chake.

"Mzee Hooligan, mimi sina ubaya na wewe."

"Najua, mama."

"Nataka tu kujua huyo mtu wa Borough ni nani kwenu."

Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa na hakika atasema, ni mimi. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia kwa hilo na kumhurumia kwa hilo, vyote kwa pamoja.

"Awe mimi au asiwe mimi," alisema baba, "msichana huyu halimhusu. Si damu yangu."

Ng'ombe alilia uani.

"Tulipokaa Borough, nyumba ya jirani kulikuwa na mpangaji mwanamke, anaitwa Sheehy, wa Limerick. Mume wake alikuwa amefia baharini. Homa ikamchukua na yeye, akaacha mtoto mchanga. Mke wangu alikuwa amezika wa kwetu siku chache nyuma, maziwa yamejaa kifuani. Tukamchukua. Tukambatiza kwa jina letu kwa sababu hatukuwa na lingine." Alikuwa anaongea na birika. "Kwa hiyo chochote kinachosemwa juu ya Hooligan, kwake hakipo. Yeye ni Sheehy. Mwandikeni hivyo."

Mama Tangney alikutanisha mikono. "Mungu wangu. Sheehy. Watu wa Limerick ni watu wa dini." Macho yake yalilowa, na naamini kabisa hakuwa anaigiza. "Ungesema mapema, mzee wangu, tusingesumbuana." Akachukua kisu akamkatia baba kipande cha keki kinene kama tofali.

Austin alikuja akanishika mkono. "Umeona? Limekwisha," alisema, akicheka kwa furaha. Hakuniuliza najisikiaje. Walikubaliana pale pale kwamba Padri aambiwe, na tangazo la tatu lisomwe Honora Sheehy. Baba alisema sawa. Keki hakuigusa.

Njiani nilimvuta mkono.

"Baba."

"Tembea."

"Ni kweli?"

"Umesikia nilivyosema."

"Nimesikia. Nauliza kama ni kweli."

"Utaolewa. Utakaa juu ya duka, hutanuka tena plamu. Watoto wako watakunywa maziwa yasiyo na maji. Unataka nini kingine?"

"Nataka kujua mimi ni nani."

"Wewe ni Nonie," alisema, akakohoa vumbi lake la makaa mpaka tukafika nyumbani, na sikupata nafasi ya kuuliza tena.

Nilimkuta shangazi Bid anamenya viazi. Tangu utoto wangu shangazi alikuwa na hadithi ya siku niliyozaliwa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mkunga alipotea akaenda kumzalisha mtu mwingine, na shangazi mwenyewe ndiye aliyenipokea. Aliisimulia kila siku yangu ya kuzaliwa na kila mara aliitia chumvi zaidi.

"Shangazi, siku ile ya ukungu, ulimpokea mtoto wa nani?"

Kisu kilisimama. "Baba yako amesema nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Basi ni kama alivyosema."

"Hujui alichosema."

"Akisema kitu ana sababu."

"Shangazi, wewe ulikuwepo."

Aliangalia kiazi kwa muda mrefu. "Nilikuwepo na sikuwepo," alisema. "Ukungu ulikuwa mwingi sana, mwanangu."

Sikupata zaidi ya hapo. Nilikwenda nikasimama mbele ya kioo kilichopasuka cha baba cha kunyolea. Kidevu kile kilikuwa chake. Au kilikuwa cha mwanamke wa Limerick, au cha mtu yeyote, kwa kuwa ukiangalia kidevu sana kinaacha kuwa cha mtu. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu. Kama alidanganya pale jikoni, alijivua mtoto wake mbele ya watu ili mtoto aolewe. Kama alisema kweli, basi alinidanganya maisha yangu yote, anilee. Na lile la Borough bado hakulijibu. Awe mimi au asiwe mimi, ndivyo alivyosema. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta chimbuko la neno, nikarudi nikiwa nimepoteza na chimbuko langu.

Siku ya Jumamosi, baada ya maungamo, Padri Moynagh aliniita ofisini.

"Mama Tangney amekuja. Amenieleza." Alikuwa amechoka, ameweka miwani mezani. "Cheti chako cha ubatizo kinasema Hooligan."

"Kwa hiyo mimi ni wake?"

"Cheti kinasema alichosema aliyekuleta. Padri haulizi damu, anamwaga maji." Alisugua macho. "Mtu hutangazwa kwa jina analojulikana nalo. Nikisoma Sheehy, kesho itapita kimya na Jumamosi ijayo nitawafungisha. Nikisoma hilo lingine, unajua. Nisome lipi?"

"Hooligan."

"Una hakika?"

"Hakika ya nini, Padri? Sina hakika ya kitu chochote."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu yeye alinitoa kwenye jina lake mbele ya watu bila kuniuliza. Na mimi nataka kurudi mbele ya watu bila kumuuliza, nisomwe binti wa Jeremiah."

Padri aliniangalia, akavaa miwani, akaandika.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa. Habari ya Sheehy ilikuwa imeshasambaa, na nadhani wengi walikuja kuniona upya. Lottie Pegg, ambaye hata si Mkatoliki, alikuwa pale na kofia ya kuazima. Baba alikuwa nyuma, kwenye kundi la gati. Mama Tangney alikaa mbele amenyooka, ndege wake ametulia. Aliniachia nafasi pembeni yake, akanipigapiga gotini nilipokaa.

Padri Moynagh hakuharakisha safari hii. "Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho, Austin Tangney wa parokia hii, na Honora Hooligan, binti wa Jeremiah Hooligan wa parokia hii."

Mtu mmoja alicheka. Alikuwa peke yake, akanyamaza. Mkono wa Mama Tangney uliondoka gotini kwangu. Alisimama, akakusanya rozari yake, akapita mbele ya benchi zote mpaka mlangoni, na viatu vyake vilisikika kila hatua. Austin alibaki amekaa, anaangalia sakafu. Alibaki hivyo misa nzima. Hakwenda kukomunika.

Alinikuta nje kwenye ngazi.

"Kwa nini, Nonie? Ilikuwa dakika moja tu. Jumamosi ungekuwa Tangney, usingelibeba tena hilo jina maisha yako yote."

"Basi na wewe ungevumilia dakika moja kulisikia."

"Mimi nililivumilia. Ni mama."

"Mama ametoka. Wewe ulibaki unaangalia viatu vyako."

Alifungua mdomo. Nilimsubiri, Mungu ananiona. Neno lolote lingetosha. Angesema tu, twende. Lakini alikuwa anaangalia upande wa duka, mahali mama yake alipopita, na nikamwona anahesabu kigari na ng'ombe na vyumba viwili. "Ungeniambia kwanza," alisema. Akavaa kofia akaenda. Nilitaka kumkimbilia, na miguu ilishaanza. Niliisimamisha.

Watu walikuwa wakishuka ngazi wakinikata kwa jicho la pembeni. Baba alikuwa ameegemea ukuta wa kanisa, suti imemkaza mabegani.

"Nilikufungulia mlango," alisema.

"Niliuona."

"Umeufunga mwenyewe. Mjinga wewe. Nani atakuoa sasa?" Sauti yake ilikuwa ya hasira, lakini haikusimama vizuri. "Ulijua kwamba nilidanganya?"

"Sikujua."

"Au ulijua nilisema kweli?"

"Hilo nalo sikulijua."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kitu kwa lugha ya mbali. "Hukujua," alisema. "Na bado ukamwambia asome binti wa Jeremiah."

"Nilimwambia."

Akageukia ukuta, yeye mtu mzima wa gati, mabega yakaanza kutikisika, na watu walikuwa bado wanatoka kanisani. Nikasogea, nikasimama kati yake na wao, nikakunjua mtandio wangu wote mpana, ili wasimwone.